Mpokeeni Mjamzito Aliyekuja Kusalimia

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mara, pamoja na Waganga Wakuu wa Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama.

YAH: HUDUMA YA KLINIKI KWA WAJAWAZITO WANAOISHI NJE YA NCHI WANAPORUDI NYUMBANI

Waheshimiwa,

Ikifika Desemba, mabasi yanayotoka Mwanza kuja Musoma hujaa watu wanaorudi nyumbani. Wamo wafanyakazi wa Dar es Salaam na Arusha, wamo wanafunzi wa vyuo, na wamo mabinti wa Mara wanaoishi Uingereza, Ujerumani, Norway, Marekani na nchi za Ghuba. Baadhi ya mabinti hao ni wajawazito. Mmoja amekuja kumwona bibi ambaye ameanza kusahau majina ya wajukuu. Mwingine ameletwa na msiba wa baba. Wa tatu anakwenda kwa wakwe Bunda kwa mara ya kwanza tangu afunge ndoa, na tumbo lina miezi sita.

Barua hii inawahusu hao, na ombi lake ni moja. Binti wa namna hiyo anapofika kwenye zahanati au kituo cha afya apokewe siku hiyohiyo, apimwe, apewe kinga ya malaria na aandikiwe kadi, bila kutakiwa kwanza aeleze mume yuko wapi.

Wapo watakaosema angebaki huko aliko mpaka ajifungue. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani huwashauri wajawazito waahirishe safari za kwenda kwenye maeneo yenye malaria ikiwezekana, na ushauri huo ni mzuri. Lakini msiba wa Butiama hauahirishwi. Mkoa huu umezoea watu wake kuondoka na kurudi: mwaka 1952 Julius Nyerere alirudi kutoka masomoni Edinburgh, akaenda kijijini kwao kujenga nyumba kwa mikono yake, akafunga ndoa na Maria Gabriel Januari 1953 ndipo akaenda kufundisha Pugu. Anayetoka katika familia za huku, awe Mzanaki, Mkurya, Mjita, Mluo au Mwikizu, hawezi kuambiwa kwamba kwenda kusalimia ni anasa. Atakuja. Swali lililobaki ni atakuta nini.

Jambo la kwanza atakalolikuta ni malaria. Kitaifa tumepiga hatua: kiwango cha maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano kilikuwa asilimia 14.8 mwaka 2015, na utafiti wa mwaka 2022 ukakikuta asilimia 8.1. Kanda ya Ziwa, hata hivyo, bado ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye mzigo mzito wa ugonjwa huu, na Desemba inakuja na mbu wa mvua za vuli.

Binti aliyekulia Nyamuswa au Kiabakari anaijua malaria kama homa ya utotoni. Aliugua, akameza dawa, akarudi shule. Moyoni anaamini mwili wake umeshaizoea. Waganga mnajua kwamba mazoea hayo hayadumu. Kinga anayoijenga mtu kwa kuumwa na mbu mwaka hadi mwaka hupungua akiishi miaka kadhaa mahali pasipo na malaria, kwa hiyo anaporudi mwili wake unakaribia kuwa kama wa mgeni. Ndiyo maana Uingereza, kati ya wagonjwa wa malaria wanaogunduliwa baada ya safari, walio wengi ni watu waliokwenda kuwatembelea ndugu na marafiki katika nchi za asili yao. Mtalii anayekwenda Serengeti amemeza vidonge tangu kabla ya kupanda ndege. Mtu wa nyumbani hamezi, kwa sababu anakwenda nyumbani.

Ujauzito nao unaongeza hatari. Vimelea vya malaria hujikusanya kwenye kondo la nyuma, ambako kipimo cha damu ya kidoleni kinaweza kisivione. Mama anapungukiwa damu, mtoto anazaliwa na uzito mdogo au kabla ya wakati, na mimba yenyewe inaweza kutoka. Walio kwenye mimba ya kwanza ndio walio hatarini zaidi, na mabinti wengi wanaokuja kuonyesha tumbo kwa wakwe ni hao hao.

Nchi yetu inajua la kufanya. Kuanzia miezi minne hivi ya mimba, mjamzito hupewa dawa ya kinga ya malaria iitwayo SP, vidonge vitatu anavyovimeza mbele ya muuguzi, kisha anarudia kila hudhurio kwa nafasi ya angalau mwezi mmoja. Shirika la Afya Duniani linataka apate dozi tatu au zaidi kabla ya kujifungua. Hudhurio la kwanza hupewa na chandarua chenye dawa. Kati ya mwaka 2004 na 2014 tulikuwa na Hati Punguzo, karatasi iliyomwezesha mjamzito kununua chandarua kwa bei nafuu dukani, na sasa chandarua kinatolewa bure kliniki. Hii ni kazi ya kujivunia, na yote inapitia mlango mmoja, mlango wa kliniki. Asiyeingia kliniki hapati SP wala chandarua.

Basi tuuangalie mlango huo kwa karibu.

Ni saa mbili asubuhi, siku ya kliniki. Akina mama wamekaa kwenye benchi ndefu nje ya chumba cha uzazi, kadi mkononi, kila mmoja na mwanaume kando yake. Waliokuja na wenza huhudumiwa kwanza, na hilo limebandikwa ukutani. Binti aliyetoka ng'ambo amekaa mwisho wa benchi na mama yake mzazi. Zamu yake inafika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hujambo, mama? Kadi iko wapi?"

"Sina ya hapa. Nina ya huko ninakoishi, iko kwenye simu."

"Na mwenza?"

"Yuko kazini, Birmingham."

"Basi nenda kwa mwenyekiti wa kijiji akuandikie barua kwamba huna mwenza hapa, ndipo uje."

Mama mzazi anajaribu kueleza. Muuguzi si mkatili; amechoka, benchi limejaa, na utaratibu alioupokea ndio huo. Binti anatoka. Mwenyekiti amekwenda mnadani, na kesho si siku ya kliniki. Wiki inapita, na yeye alikuja kwa wiki nne tu.

Mazungumzo hayo hayakurekodiwa mahali fulani; yametungwa ili kuonyesha jambo ambalo wanawake wa Tanzania wamelieleza mara nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika kusini mwa nchi, uliweka katika kichwa chake onyo ambalo wanawake walikuwa wakilisikia: bila kuja na mwenza, utarudishwa nyumbani. Anayeumia ni mjane, ni aliyetelekezwa, ni binti wa shule, ni mke wa mvuvi aliyeko kisiwani, na ni huyu ambaye mume wake yuko ng'ambo ya bahari.

Nia ya kuwaita akina baba ilikuwa njema na bado ni njema. Baba akija hupimwa VVU pamoja na mama, husikia dalili za hatari kwa masikio yake, na hujua kwamba anapaswa kuweka fedha za usafiri. Miongozo inahimiza ushiriki wake. Lakini kuhimiza ni kitu kimoja, na kumgeuza baba kuwa tiketi ya mama kuingilia ni kitu kingine kabisa. Mahali ambapo mume ni tiketi, mwanamke asiye naye ama anakaa nyumbani ama anatafuta mwanaume wa kusimama naye kwa saa mbili. Hakuna mtoto anayekingwa na udanganyifu huo, na majibu ya VVU ya mwanaume wa kuazima hayamsaidii mtu yeyote.

Kwa huyu wa ng'ambo kuna jambo lingine. Mara nyingi mwenza wake alishahudhuria, alishapimwa, na majibu yote yamo kwenye kumbukumbu za huko. Uingereza, hospitali nyingi siku hizi zimehamishia daftari la mjamzito kwenye programu ya simu. Norway, mama hubeba kadi yake ya karatasi. Humo mna kundi la damu, wingi wa damu, majibu ya kaswende na VVU, na tarehe ya makadirio iliyopimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti tangu mimba changa. Muuguzi wa Bunda akipewa dakika 10 za kunakili mambo hayo kwenye kadi yetu, ameokoa vipimo vitano na amepata tarehe ya kujifungua iliyo sahihi kuliko ya kuhesabu kwa hedhi. Badala yake, simu inarudishwa mkobani na mama anaanza upya, au haanzi kabisa. Lugha si kikwazo kikubwa kiasi hicho: namba zinasomeka, kundi la damu ni herufi ileile kila mahali, na mwenye kadi yuko hapohapo, anaweza kusoma na kutafsiri.

Kuna maswali mawili ambayo muuguzi anapaswa kumuuliza mjamzito huyu, na ambayo hayaulizwi kwa sababu kwa mama wa kijijini hayana ulazima. La kwanza, je, alipewa dawa ya kinga ya malaria huko alikotoka? Dawa ya meflokwini, kwa mfano, hutolewa kwa wajawazito wanaosafiri, na muuguzi anatakiwa kujua kabla ya kumpa SP. La pili, anameza asidi ya foliki ya kipimo gani? Vidonge vya kliniki zetu vina kipimo kidogo, kile cha miligramu 0.4. Lakini wapo wanaoandikiwa miligramu 5 kwa siku huko nje, kwa sababu ya kisukari, unene au historia ya mtoto mwenye mgongo wazi. Kipimo hicho kikubwa hupunguza nguvu ya SP. Mama atameza vidonge vitatu mbele ya muuguzi, kadi itaandikwa amekingwa, na kinga haipo. Swali moja tu lingetosha.

Na akiugua? Hapa mgeni huyu anahitaji kuelezwa waziwazi, kwa sababu huko anakoishi akimwambia daktari ana homa ataambiwa anywe maji apumzike. Huku homa ya mjamzito ni dharura hadi ipimwe. Dawa ya mseto inafaa hata katika miezi mitatu ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake kuhusu hilo mwaka 2022, na si kila mtu kwenye duka la dawa baridi anajua. Malaria ikiwa kali, kuna sindano ya artesunate. Akirudi Ulaya na homa ikaanza wiki mbili baadaye, amwambie daktari wa huko sentensi ya kwanza kabisa kwamba ametoka Mara.

Tunayo pia namba 115, ambayo ni miongoni mwa mambo bora ambayo nchi hii imeyafanya kwa mama. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga, ulizinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mama mwenye dharura, ndugu yake au mhudumu wa zahanati hupiga bila malipo, na kama gari la wagonjwa halipo karibu, dereva wa kawaida aliyesajiliwa kijijini humfuata na kulipwa na mfumo. Vifo vya uzazi, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16, vilikuwa 104 katika ule wa mwaka 2022. Mjamzito anayetoka Manchester hajawahi kusikia 115. Kichwani ana namba za dharura za Uingereza. Kijijini Butiama usiku wa manane, damu ikianza kutoka, ndugu watatafuta bodaboda. Mnachotakiwa kufanya ni kumwandikia namba hiyo kwa kalamu nene juu ya kadi, na kumweleza njia ilivyo: kituo cha karibu kiko wapi, upasuaji unafanyika wapi, lini anapelekwa Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, na lini ni Bugando, Mwanza. Hospitali ya Kwangwa ilianza kujengwa enzi za Mwalimu mwenyewe na ujenzi ukasimama miaka mingi. Aliyeondoka Musoma akiiacha ikiwa gofu hajui kama leo panatibiwa watu. Aambiwe.

Kuhusu njia. Wengi hutua Mwanza kisha husafiri kwa gari zaidi ya kilomita 200 kupitia Magu, Lamadi na Bunda. Barabara ni ya lami na mandhari ni mazuri, pundamilia huonekana ukikaribia Ndabaka. Lakini ni barabara hiyohiyo ambayo Septemba 2014, eneo la Sabasaba, mabasi mawili yaligongana na kuua watu zaidi ya 30. Mjamzito aliyetoka kukaa kwenye ndege usiku kucha miguu imevimba, na damu yake huganda kwa urahisi kuliko ya mtu mwingine. Anahitaji kulala Mwanza, kushuka na kutembea kidogo Lamadi, na kufunga mkanda chini ya tumbo badala ya juu yake. Hayo anaweza kujipangia mwenyewe akiambiwa mapema na ndugu wanaompokea, ambao mara nyingi wamekodi gari na wana haraka ya kufika kabla chakula hakijapoa.

Wengine huja kupitia Nairobi, kisha Narok, Kisii, Migori na mpaka wa Sirari. Hapo kuna jambo linalohitaji mkono wenu. Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo. Chanjo hiyo hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa kawaida wajawazito hawachanjwi isipokuwa hatari ya ugonjwa ni kubwa. Kanuni za afya za kimataifa zinaruhusu daktari kuandika barua ya msamaha, na afisa wa mpakani anapaswa kuizingatia. Afisa asiyeizoea barua hiyo anaweza kumbakiza mama juani kwa saa nzima, au kumwambia achanjwe palepale. Hili la pili lisitokee. Kwa aliyekwisha kuchanjwa zamani, kadi yake ya njano ni halali maisha yote tangu Julai 2016, hata kama imeandikwa miaka 10.

Nyumbani nako kuna upendo unaohitaji maelekezo. Bibi atamletea mjukuu kibuyu cha maziwa yasiyochemshwa, kwa sababu ndiyo heshima. Maziwa hayo huweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba unaojulikana kwa ng'ombe wa ukanda huu, na binadamu naye huambukizwa. Yakichemshwa, heshima inabaki. Shangazi atanunua udongo wa kula sokoni, ule wenye harufu ya mvua ya kwanza ambao binti ameuota tangu mimba ilipoingia. Una madini mazito kama risasi, na unapunguza damu. Watoto watamwita wakaoge ziwani Makoko, na kichocho kiko majini. Mtoa huduma ngazi ya jamii akifika kwenye mji huo na kuongea na bibi kwa lugha yake, kwa adabu, atafanikiwa kuliko kipeperushi chochote.

Jambo la fedha lisemwe pia. Sera ya nchi ni kwamba mjamzito asilipie huduma katika vituo vya umma. Lakini baadhi ya mabinti hawa walishachukua uraia wa nchi nyingine, na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, wameingia kwa viza ya dola 50, au 100 kwa wenye pasipoti ya Marekani. Kituo kikitaka alipe, aambiwe kiasi mapema na apewe risiti ya serikali. Wengi wana bima ya safari na watalipa bila kinyongo. Kinachowafukuza ni bei inayobadilika kwa kuangalia viatu.

Mwisho kuna tarehe ambayo kliniki inaweza kumsaidia kuilinda. Mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 hivi, na hayambebi mama baada ya wiki ya 36, au wiki ya 32 kwa mwenye mapacha. Binti anayekuja na mimba ya wiki 30 kwa msiba, kisha arobaini ikamkuta hapa, anaweza kujikuta hawezi kuondoka. Barua ya kusafiria anaipata wapi Butiama? Kama hana kadi ya huku, hakuna daktari atakayemwandikia kwa haki. Kama anayo, yenye shinikizo la damu na wingi wa damu vya wiki iliyopita, daktari wa wilaya ataisaini barua hiyo kwa dakika tano.

Kinachoombwa, basi, ni waraka mmoja kutoka ofisi ya Mkoa kwenda kwa kila mganga mfawidhi. Useme kwamba mjamzito yeyote, wa hapa au mgeni, ahudumiwe siku anayofika, na mwenza aalikwe bila kuwa sharti. Useme kumbukumbu za nje zinakiliwe, maswali yale mawili yaulizwe kabla ya SP, na 115 iandikwe kwenye kadi. Nakala yake ibandikwe pale palipobandikwa tangazo la wenza. Ukiandikwa Septemba, utakuwa umefika zahanati za Bunda na Butiama kabla abiria wa Desemba hawajakata tiketi.

Wasalaam.

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Mara, Afisa Afya, Mpaka wa Sirari, Wenyeviti wa vijiji na mitaa.